Kutafuta pa kupiga hema bila malipo kwenye barabara za vumbi za Makonde na Rondo

Msafiri anayepanda kutoka Mtwara kupitia Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, au anayeiacha barabara ya Lindi–Masasi na kuukwea Uwanda wa Rondo, hupita mapori marefu yasiyo na uzio wala kibao, akadhani kwamba hayana mwenyewe. Yana wenyewe. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinaigawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu, yaani ardhi ya jumla, ya hifadhi na ya vijiji, na sehemu kubwa ya pori utakaloliona huku ni la kijiji fulani, hata kama nyumba ya karibu iko mbali na macho yako. Kwa hiyo mahali pa kulala bure hupatikana kwa kuomba, na mwenye kuomba kwa adabu mara nyingi hatozwi kitu.

Anza kazi ukiwa bado mjini. Pakua ramani na picha za setilaiti kwenye simu, kwa kuwa mtandao hukatika mara tu unapoanza kushuka makorongo, kisha utafute mambo mawili: vichwa vya miinuko vilivyo wazi, na mabaka mekundu kando ya barabara, ambayo kwa kawaida ni mashimo yaliyochimbwa kifusi wakati wa ujenzi wa barabara. Shimo la kifusi lina sakafu ngumu, limejificha kidogo, na halina mazao ya mtu. Hata hivyo ni makazi ya kiangazi tu. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mimi niliyewahi kupiga hema ndani ya shimo la namna hiyo mwezi Desemba niliamka usiku wa manane godoro likielea.

Panga kufika saa tisa alasiri, maana jua huzama mnamo saa kumi na mbili na mgeni anayejitokeza gizani humtia kila mtu wasiwasi. Simama kwanza kwenye kijiwe cha bodaboda. Vijana hao wanajua njia ipi ina mchanga wa kuzamisha gari, shamba lipi ni la nani, na mwenyekiti wa kijiji yuko wapi saa hiyo. Kisha nenda kwa mwenyekiti au mtendaji, upige hodi, utoe shikamoo kwa wazee, ueleze unatoka wapi, mko wangapi na mtaondoka lini, na ukipewa kitabu cha wageni usaini. Usianze kwa kutaja fedha, kwani ukizitanguliza utakuwa umegeuza ukarimu kuwa biashara. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule au kivuli cha mwembe karibu na nyumba ya mtu, na ingawa ulitamani upweke wa ukingoni mwa uwanda, kubali: usiku wa kwanza ukienda vizuri, wa pili utapelekwa na mwenyeji mwenyewe mahali penye mandhari uliyoyatafuta.

Mikorosho huvutia kwa kivuli chake, lakini ina majira yake. Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, tena alfajiri, na vumbi lile la njano litakukuta ndani ya hema. Kuanzia Oktoba korosho zinaokotwa, na mgeni aliyelala chini ya mkorosho wa mtu huonekana mwizi hata akiwa na barua ya mkuu wa wilaya. Uliza pia kama kuna kumbi za jando jirani, maana wakati wa likizo za shule vijana huwekwa porini na mpita njia hatakiwi kusogea. Makaburi na miti ya matambiko nayo iache.

Maji ndiyo yatakayoamua utalala wapi. Udongo wa kichanga wa Makonde huinyonya mvua yote, na chemchemi hutokea chini ya ukingo, kama pale Ndanda, ambako Wabenedikti walihamishia misheni yao mwaka 1906. Juu ya uwanda usitegemee kijito. Jaza madumu kabla ya kupanda, angalau lita kumi kwa kila mtu kwa siku mbili, wala usiwamalizie wenyeji maji waliyoyanunua kwa dumu.

Msitu wa Rondo wenyewe ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kulala ndani yake kunahitaji kibali. Anayetaka bure abaki kwenye ardhi ya kijiji pembeni, ambako huenda akamsikia yule komba mdogo anayeitwa kwa jina la uwanda huo. Bonde la Ruvuma liache kabisa: mto una mamba, na tangu kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa kutoka ng'ambo ya mto, Msumbiji, Oktoba 2020, mgeni mwenye hema mpakani ni swali kwa vyombo vya ulinzi. Ukiwa Newala, litazame bonde kutoka Shimo la Mungu, genge lililo ukingoni mwa uwanda, na utosheke.

Kuhusu wanyama, waulize waliolala huko jana. Kati ya mwaka 1990 na 2005 simba waliua watu zaidi ya 500 nchini, Lindi ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, na baadhi ya waliouawa walikuwa madunguni wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Dungu tupu la shambani, kwa hiyo, si chumba cha wageni.

Pika kwa jiko la gesi. Kuanzia Agosti nyasi zimekauka na moto kichaa hupanda mteremko haraka kuliko mtu anavyokimbia. Ukilazimika kuwasha kuni, washa mahali palipokwisha kuungua au penye udongo mtupu, na asubuhi mwaga maji mpaka majivu yaweze kushikwa kwa mkono. Kisha pitia tena kwa mwenyekiti umwambie kwamba mnaondoka, ili jioni asitume kijana kuwatafuta.