Kabla ya Kuianika DNA Yako: Hatua Ninazowapitisha Wanaojitolea

Kazi yangu hapa Nairobi ni kukaa na watu kwenye viti vya plastiki na kuwasomea fomu za ridhaa kabla hawajatoa damu au mate kwa ajili ya utafiti. Siku hizi wapo wanaokuja na swali kubwa zaidi: nifanyeje niiweke DNA yangu pamoja na rekodi zangu za hospitali wazi kabisa, mtafiti yeyote duniani azitumie? Inawezekana. Mimi huwapitisha hivi.

Hatua ya 1: Jua unaingia mlango gani

Ipo milango miwili. Wa kwanza una bawabu: data yako inahifadhiwa, mtafiti anaomba, kamati inaamua. Wa pili hauna bawabu. Mradi uliojulikana sana kwa mlango huu wa pili ni Personal Genome Project, ulioanzishwa na mtaalamu wa jeni George Church wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2005. Ule wa Marekani hupokea raia na wakazi wa kudumu wa huko tu, kwa hiyo ukiwa hapa Nairobi, mtaa wa Umoja au Kangemi, huna nafasi, lakini una jambo la kuiga. Anayejiunga hufanya kwanza mtihani kuhusu jeni, yaani vipande vya DNA vinavyobeba urithi, na hatari za kujianika, wala haahidiwi siri. Mtu akikuahidi kwamba data itakuwa wazi na bado hutajulikana kamwe, chukua mkoba wako uende zako.

Wapo Wakenya waliotangulia. DNA za Waluhya wa Webuye zimo katika 1000 Genomes, hazina ya kimataifa ya DNA, wazi kwa kila mtu, ila bila majina wala habari za magonjwa yao. Wewe unataka kuambatanisha na magonjwa. Hilo ni zito zaidi.

Hatua ya 2: Kagua karatasi

Utafiti unaofanyika Kenya uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha kamati ya maadili, na namba ya simu ya kamati iwe kwenye fomu. Ipigie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya na za jeni kuwa data nyeti, na inakupa haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote. Ila kilichokwisha kupakuliwa hakirudi. Tovuti ya openSNP, ambako watu waliweka DNA zao wazi tangu mwaka 2011, ilifungwa 2025 na data yake ikafutwa. Nakala zilizobaki kwenye kompyuta za watu hakuna wa kuzifuata.

Hatua ya 3: Itisha kikao nyumbani

Hapa wengi hutaka kuruka, na hapa ndipo mimi hukataa kuendelea. Nusu ya DNA yako imetoka kwa mama, nusu kwa baba. Ndugu wa baba na mama mmoja mnafanana kwa takriban nusu, na binamu wa kwanza kwa kama sehemu moja ya nane. Ukiianika yako, umeianika yao kwa kiasi hicho, na wao hawakutia sahihi popote. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mtu aliyesakwa kwa mauaji miongo mingi. Hakuwa ameweka DNA yake kokote. Jamaa zake wa mbali ndio waliokuwa wameweka yao.

Si lazima mbuzi achinjwe. Chai na mandazi Jumapili alasiri vinatosha. Waite wazazi, ndugu, na watoto waliofikisha miaka 18. Usianze na neno jeni. Anza na selimundu, maana wengi wamewahi kumjua mtoto aliyekuwa akilia kwa maumivu ya viungo. Eleza kwamba mtu anaweza kuibeba bila kuugua, na wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Wakielewa hapo, uliza mambo mawili. Nikikuta kitu kinachowahusu, mnataka kuambiwa? Na ikionekana kwamba uzazi hauko kama tunavyojijua, je?

Swali la pili hunyamazisha chumba. Kiache kinyamaze. Nimewahi kumwona shangazi mmoja akiinuka kwenda kuongeza maji kwenye chai isiyohitaji maji, na kijana aliyeitisha kikao akaelewa kwamba ameshajibiwa.

Mmoja akikataa, uamuzi bado ni wako. Ushauri wangu ni umsikilize, ukapite mlango wenye bawabu.

Hatua ya 4: Safisha faili

Mwaka 2013 Latanya Sweeney na wenzake wa Harvard waliwatambua kwa majina washiriki zaidi ya 200 wa mradi ule wa Church, wakitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Wengine walijisaliti kwa jina la faili tu. Nami nilinusurika: maabara niliyoilipa iliniletea faili yenye majina yangu matatu na namba ya kitambulisho, vyote kwenye jina la faili.

Libadili jina hilo, kisha fungua faili usome mistari ya juu. Andika mwaka wa kuzaliwa badala ya tarehe, Nairobi badala ya mtaa. Namba ya simu isiwepo kabisa, maana kwetu mtu akijaribu kukutumia pesa kwa M-Pesa jina lako linajitokeza. Kadi ya hospitali usiipige picha. Andika upya ugonjwa, mwaka na dawa.

Na usidhani kufuta jeni moja kunatosha. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alipoweka yake wazi mwaka 2007 aliificha APOE, jeni inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Wanasayansi wakaonyesha kwamba herufi za DNA zilizo jirani nayo zinatosha kuikisia.

Hatua ya 5: Pandisha kidogo kidogo

Tanguliza dodoso la afya. Subiri mwezi mmoja, uone kama unalala usingizi, ndipo upandishe DNA.

Yangu ilishapimwa na faili ni safi. Imo kwenye flashi, ndani ya bahasha, kabatini. Dada yangu wa Kitale aliomba muda wa kufikiri, na bado hajapiga simu.