Namna ya kusema "nafanya kapoze" mu kijerumani

Kapoze, yaani kupumzika kidogo, neno lenyewe ni Pause na mtego njo iko apo, ju sisi wa Goma tumekula kifaransa tangu primere, ukiliona tu mdomo unasema "poz" kabla kichwa hakijaamka. Kijerumani wanasoma PAU-ze, a na u zinasikika zote mbili haraka haraka kama mu kiswahili, s ya katikati inakuwa z, na e ya mwisho haimezwi. Mi mara ya kwanza nilimwambia mwalimu "ich nehme Pose", akaniuliza kama nataka kupigwa picha, kumbe Pose kwao ni ule mkao mtu anakaa mbele ya kamera. Darasa lote likacheka, na mi nikacheka nao, ningefanya nini.

Ile nehme nayo ilikuwa kosa. Poze yao haikamatwi, inafanywa: eine Pause machen, sawa na faire une pause, kwa ivo apa kifaransa kinakusaidia. Anza na iyi: Ich mache eine kurze Pause, nafanya kapoze kafupi. Kurze inasomwa "kurtse", na ch ya mache ni ile kh ya wazee wakisalimia subalkheri.

Mukiwa wengi: Machen wir eine Pause? Kwa mwalimu ao mkubwa weka adabu, Können wir eine kurze Pause machen? Ona machen imekimbilia mwisho, iache uko uko.

Mi na mdogo wangu tunafanyia zoezi barabarani, wale wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanaposhuka na viazi vya Kibumba, mmoja akisimamisha chukudu yake anafuta jasho na kola ya shati, wa kwanza kusema Er macht eine kurze Pause njo ameshinda. Kwa mwanamke unasema sie macht. Ukimaliza wiki moja ivo hautasahau tena.

Kuna pia Ich habe Pause, "niko na poze", yaani saa yako ya kupumzika kazini imefika, ao rekreasio kwa wanafunzi. Apo sasa watakuambia masaa: Ich habe von zwölf bis halb eins Pause. Polepole apa! Halb ni nusu, eins ni moja, wengi wanaelewa saa saba na nusu ya mchana, wanachelewa saa nzima. Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea saa moja yake, ile yetu saa saba, kwa ivo halb eins ni saa sita na nusu. Andika mu daftari, ju uko kazini dakika zinahesabiwa: sheria yao inasema kazi ya siku ikizidi masaa 6 poze ni dakika 30, ikizidi masaa 9 ni dakika 45, unaweza kuikatakata lakini kila kipande kisiwe chini ya dakika 15. Ile ya kula mchana inaitwa Mittagspause, ya kahawa Kaffeepause.

Sasa kutoka. Sisi mtu akiondoka anasema "nakuja", na mgongo tayari uko mlangoni. Usimwambie mjerumani Ich komme tu halafu ukatoka, atashangaa unakuja wapi. Sema Ich bin gleich wieder da, narudi sasa ivi. Kwa choo, Darf ich kurz raus? inatosha, hauna haja ya kueleza.

Usichanganye na Feierabend, iyo ni kazi ya leo imeisha, watu nyumbani, ao Urlaub, iyo ni konji, likizo. Na umeme ukienda katikati ya somo, kama jana, usiseme Pause, iyo ni Stromausfall, neno mdogo wangu alilishika kabla ya guten Tag.