Chuo cha Marekani kimefunika kesi ya dhuluma ya kingono kwenye timu: jinsi ya kulalamika hadi OCR, ofisi ya haki za kiraia ya Marekani

Kila mwaka vijana wetu kutoka Eldoret, Iten na kwingineko wanaondoka kwenda kushindana mbio kwa niaba ya vyuo vya Marekani. Tunawaaga kwa maombi na kuwaonya kuhusu baridi. Hakuna anayewaambia wafanye nini wakidhulumiwa kingono na mwenzao, kocha au tabibu wa timu, kisha chuo kinyamaze. Mdogo wangu yalimpata. Nilikuwa naye kwenye simu hatua kwa hatua, na ninaandika ili dada mwingine asipoteze muda kama tulivyopoteza.

Afya kwanza. Nenda hospitali, omba uchunguzi wa ushahidi wa dhuluma ya kingono. Hutozwi ada ya uchunguzi huo, na hulazimiki kwenda polisi ili ufanyiwe. Usisubiri, ushahidi wa mwilini hupotea ndani ya siku chache. Nguo ulizovaa usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi.

Kumwambia kocha hakutoshi. Hapa ndipo tulipokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Mdogo wangu alimwambia kocha msaidizi mapema kabisa. Aliitwa ofisini, mlango ukafungwa, akapewa chupa ya maji, akaambiwa timu ni familia na jambo litamalizwa humo ndani. Aliamini. Muhula ukaisha, na tulipouliza chuoni, hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake.

Sheria ya Marekani inayomlinda mwanafunzi dhidi ya dhuluma hii inaitwa Title IX, ya mwaka 1972. Kanuni zinazotumika sasa ni za 2020, kwa sababu zile za 2024 zilifutwa na mahakama ya Kentucky Januari 2025. Kwa kanuni hizo, chuo kinahesabiwa kuwa kimejua pale habari inapomfikia mratibu wa Title IX, yaani mtu wa chuo anayesimamia sheria hiyo, au ofisa mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Kocha msaidizi anaweza asihesabiwe kabisa. Unaweza kulia mbele yake mwaka mzima na chuo kikasema hakikuambiwa.

Kwa hiyo mwandikie mratibu wewe mwenyewe. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu lazima kiwe naye, na anwani yake iwe kwenye tovuti. Barua iwe fupi: nani, lini, wapi, nani mwingine uliyemwambia na tarehe uliyomwambia. Malizia kwa kuomba jibu la maandishi. Itume ukitumia barua pepe ya chuo, na nakala uitume kwenye anwani yako binafsi, maana ukihama chuo ile ya kwanza inaweza kufungwa. Ukiitwa kikao cha ana kwa ana, ukitoka tu waandikie: "Leo tulizungumza haya na haya, mkaniahidi hili." Wasipokanusha, una kumbukumbu.

Kwenye Chuo Kikuu cha San José State, waogeleaji walimlalamikia mhudumu wa tiba wa timu mwaka 2009. Uchunguzi wa ndani ukamsafisha. Kocha wao wa kuogelea hakukubali. Alikusanya faili la karibu kurasa 300 na kuendelea kulipeleka kwa wakubwa hadi kesi ikafunguliwa upya. Mwaka 2021 Wizara ya Sheria ilikibana chuo kikakubali kulipa dola milioni 1.6 kwa waathiriwa. Faili hilo ndilo lililofanya kazi. Nawe tengeneza lako.

Sahihi ya malalamiko rasmi. Kutoa taarifa hakufungui uchunguzi. Lazima kuwe na malalamiko rasmi yaliyotiwa sahihi nawe au na mratibu. Kabla ya hapo, hata usipotia sahihi, una haki ya kuomba hatua za msaada: kubadilishiwa bweni, ratiba ya mazoezi, muda wa mitihani. Na hili liandike kwa wino mwekundu: unapotia sahihi lazima uwe bado unasoma chuoni hapo au unajaribu kusoma. Mabinti wengi wanakata tamaa, wanarudi nyumbani, kisha ndipo wanapata nguvu ya kulalamika. Tia sahihi kabla ya kupanda ndege.

Idara ya michezo haina kazi ya kuendesha uchunguzi huo. Sera ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, yenyewe inaitaka ishirikiane, isiuongoze wala kuuingilia. Mtu wa michezo akikuambia "pitia kwangu", mjulishe mratibu kwa maandishi.

Kabla ya kikao cha kusikiliza kesi pande zote hupewa angalau siku 10 kuupitia ushahidi. Soma yote, na mwisho dai ripoti kamili. Chuo Kikuu cha Michigan State kilipomsafisha daktari wake wa michezo, Larry Nassar, kwenye malalamiko ya dhuluma ya kingono mwaka 2014, mlalamikaji alipewa ripoti fupi kuliko ile iliyobaki chuoni, na daktari akaendelea kutibu wasichana hadi 2016. Kikaoni utahojiwa na mshauri wa upande wa pili, si mshtakiwa mwenyewe. Unaweza kuomba mkae vyumba tofauti kwa video. Usipokuwa na mshauri, chuo lazima kikupe mmoja bure wa kuhoji kwa niaba yako.

Kwenda OCR. Hii ni Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Fomu iko mtandaoni na haina ada. Hata mzazi au ndugu anaweza kuijaza, ila mwathiriwa aliyetimiza umri wa utu uzima atatakiwa kutia sahihi fomu ya idhini. Fomu hiyo isiporudi kwa tarehe waliyotaja, faili linaweza kufungwa. Angalia hadi kwenye barua taka.

Muda ni siku 180 za kalenda tangu kitendo cha mwisho unachokilalamikia. Kama ulianza na utaratibu wa chuo ndani ya siku hizo, unaweza kuomba msamaha wa muda, mradi ulete malalamiko ndani ya siku 60 baada ya utaratibu wa chuo kuisha.

Kwenye maelezo, usimshtaki aliyekudhulumu. OCR haimhukumu mtu huyo. Shtaki chuo. Andika tarehe uliyotoa taarifa, tarehe kilipokaa kimya, tarehe uchunguzi ulipocheleweshwa, hatua ulizoomba ukanyimwa. Jedwali la tarehe lenye barua zako pembeni linasomeka haraka kuliko kurasa za uchungu, hata kama uchungu huo ni wa kweli. Usitarajie fidia pia. Kinachotoka mara nyingi ni makubaliano ya kukilazimisha chuo kubadilika. Na jiandae kungoja: Machi 2025 wizara ilitangaza kufunga ofisi 7 kati ya 12 za kikanda.

Fidia hudaiwa mahakamani, na saa yake, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, ni nyingine. Kwa kesi ya Title IX, Texas ni miaka 2, Tennessee ni mwaka 1. Kungoja OCR hakusimamishi saa hiyo, kwa hiyo tafuta wakili mapema.

Ufadhili na viza. Kulipiza kisasi kumekatazwa. Ufadhili ukikatwa, chuo lazima kikupe kwa maandishi nafasi ya kusikilizwa, na wasikilizaji wasiwe idara ya michezo. Ukizidiwa na masomo, usiache kozi kimyakimya: kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, pata kwanza kibali cha ofisa wa wanafunzi wa kigeni, chenye barua ya daktari. Aliyeshirikiana na polisi anaweza pia kuomba viza ya U, ile ya waathiriwa wa uhalifu, kwa fomu I-918; polisi au mwendesha mashtaka lazima atie sahihi nyongeza B ya fomu hiyo, na maombi yafike ndani ya miezi 6 tangu sahihi hiyo.

Ukiwa Marekani na unahitaji mtu wa kuzungumza naye usiku huu, piga RAINN, simu ya msaada kwa waliodhulumiwa kingono, 800-656-4673. Ni bure, na hakuna atakayempigia kocha wako.