Kujenga msamiati wa Kiingereza na istilahi za fasihi kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mwanafunzi anaweza kukariri orodha ya maneno 200 na fasili za istilahi 40, kisha akaduwaa anapoulizwa "What is the effect of this simile?" Kumbukumbu yake haina kasoro. Orodha imempa maana bila matumizi, na mtihani wa fasihi unauliza matumizi. Hatua hizi zimekusudiwa mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, pamoja na yeyote anayemsaidia.

Hatua ya 1: Vifaa

Kunja karatasi ya A4 katikati mara tatu, ukate: unapata kadi 8. Tafuta bahasha 5 na kamusi moja ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanaojifunza lugha. Ile kubwa ya wazawa haifai hapa, kwa sababu hufafanua neno gumu kwa neno gumu zaidi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ibaki pembeni kwa uhakiki wa mwisho tu.

Programu za kadi za simu, kama Anki, zina faida ukishakuwa na kadi zaidi ya 300. Kabla ya hapo tumia karatasi, kwa sababu kuandika kadi kwa mkono ni nusu ya kujifunza kwenyewe. Usipakue kadi zilizotengenezwa na mtu mwingine. Sentensi zake hazitoki katika ulichosoma, kwa hiyo hazina pa kushika kichwani.

Hatua ya 2: Chagua maneno

Chukua ukurasa mmoja wa kitu unachosoma, wenye maneno kama 300, upigie mstari kila neno usilolijua. Yakizidi 15, tafuta matini nyepesi zaidi, maana muktadha hautakusaidia kubahatisha. Kati ya hayo chagua matano tu. Neno linastahili kadi likijitokeza zaidi ya mara moja, ukilikuta katika masomo mengine pia, au kama ungelihitaji wewe mwenyewe katika insha. Aina ya ndege iliyotajwa mara moja iache ipite.

Ukisitasita, angalia orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, Academic Word List, yenye familia 570 za maneno. Humo mna "imply", "infer", "contrast", "emphasis" na "interpret", yaani zana zilezile za kuandikia majibu ya fasihi.

Maneno matano kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 25. Baada ya wiki 30 ni 750. Anayeanza na maneno 20 kwa siku huzidiwa na marudio wiki ya pili na kuacha kabisa.

Hatua ya 3: Andika kadi

Mbele ya kadi usiandike neno peke yake. Andika sentensi yenye pengo:

She was ______ to answer, so she looked at the floor.

Nyuma andika: reluctant, kivumishi, mkazo re-LUC-tant, "not wanting to do something", huandamana na "to" na kitenzi, ndugu zake ni "reluctance" na "reluctantly". Neno la Kiswahili liandike mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

Mkazo usiuruke. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunauhamishia Kiingereza bila kujijua. Kiingereza huuhamisha hata ndani ya familia moja: PHO-to-graph, pho-TO-gra-phy, pho-to-GRA-phic. Istilahi zenyewe zina mitego hiyo. "Hyperbole" ina silabi nne, hai-PA-bo-li, na "simile" ina tatu, SI-mi-li. Neno usiloweza kulitamka hutalitumia darasani, na usilolitumia litakutoka.

Kuna pia maana ambazo Kiswahili huzibeba kwa neno moja na Kiingereza kikazigawa. "Kusikia" kwetu hubeba sauti, njaa na harufu, ndiyo maana watu huandika "I hear hunger". "Mkono" ni "hand" na "arm". "Kuazima" ndilo sugu kuliko yote: husemwa kwa anayechukua na kwa anayetoa, na matokeo yake ni "borrow me your book". Hapa usianze kadi zote mbili siku moja. Maneno yanayofanana yakiingia pamoja hugombana kichwani. Acha "borrow" ifike bahasha ya tatu (utaona zinavyofanya kazi katika Hatua ya 4), ndipo ulete "lend". Fanya hivyo hivyo kwa "imply" na "infer": mwandishi au matini ndiyo hu-"imply", msomaji ndiye hu-"infer".

Hatua ya 4: Marudio

Kadi mpya huanza bahasha ya kwanza, na bahasha tano zifuate siku ya 1, 3, 7, 14 na 30. Ukijibu sawasawa kadi inasogea mbele, ukikosea inarudi bahasha ya kwanza. Jibu kwa sauti kabla ya kugeuza. Dakika 15 zinatosha.

Hatua ya 5: Mizizi na viambishi

Mizizi michache hufungua milango mingi. "Spect", yaani kutazama, iko ndani ya "inspect", "spectator" na "retrospect". "Bene-" na "mal-" hutenganisha "benevolent" na "malevolent". Lakini tumia mizizi kukumbuka, usiitumie kubahatisha. "In-" hukanusha katika "incapable", ila "inflammable" ni kitu kinachoshika moto upesi, na "invaluable" ni kitu chenye thamani kubwa mno.

Hatua ya 6: Istilahi za fasihi, na pale Kiswahili kinapokupotosha

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na sababu haitajwi sana. Mwanafunzi tayari ana istilahi za Kiswahili, kwa hiyo hupanga safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, akidhani kazi imeisha. Baadhi ya jozi hukubaliana vizuri: tashihisi na "personification", mubalagha na "hyperbole", sitiari na "metaphor". Nyingine hufanana kwa jina tu.

Anza na tashbihi na "simile". Zinalingana, ila tahadhari moja: si kila "like" ni "simile". "She looks like her mother" ni ulinganisho wa kweli wa watu wawili. Tamathali huhitaji vitu viwili vya aina tofauti, kama katika "Her voice was like gravel". Atakayewinda "like" na "as" kwa macho ataokota takataka nyingi.

Tanakali za sauti na "onomatopoeia" huachana zaidi ya wengi wanavyodhani. Katika "akaanguka pu", "pu" huiga sauti. Lakini "pe" katika "nyeupe pe" na "tii" katika "nyeusi tii" haviigi sauti yoyote, vinakoleza tu. Kwa Kiingereza sharti neno liige sauti: "buzz", "hiss", "crack".

Taashira ina tatizo lake. Baadhi ya vitabu vya Kiswahili huitumia kwa kinachoitwa "symbolism", vingine kwa "metonymy", pale jina la kitu kimoja linaposimama badala ya jingine linalohusiana nalo, kama "the crown" kwa ufalme. Usitafsiri neno hili kamwe. Uliza kwanza: je, kitu hicho kipo chenyewe ndani ya hadithi kikabeba maana ya ziada? Hiyo ni "symbol". Au jina lake tu limeazimwa? Hiyo ni "metonymy".

"Irony" iandikie kadi tatu, usiiandikie moja. "Verbal irony": msemaji anasema kinyume cha anachokusudia. "Situational irony": linalotokea linapinga kile hali ilichotuahidi, kwa mfano kituo cha zimamoto kuteketea. "Dramatic irony": msomaji au mtazamaji anajua jambo asilolijua mhusika. Kinaya hukaribia zote tatu, lakini kejeli iko karibu zaidi na "sarcasm", ambayo hukusudia kuchoma. Na bahati mbaya tupu haihesabiwi: mvua kunyesha siku ya harusi si "irony" mpaka kuwe na kitu kilichotufanya tutarajie kinyume chake.

Sasa ushairi. Aliyelelewa na vina na mizani vya Kiswahili ana sikio zuri, lakini sikio hilo limefunzwa sheria nyingine. Kwetu vina hukutana kwenye silabi ya mwisho. Kwa Kiingereza "rhyme" kamili huanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Kwa hiyo "nation" na "station" zina "rhyme", lakini "singing" na "walking" hazina, ingawa zote huishia "-ing". Na macho hudanganya: "love" na "move" zimeandikwa sawa, sauti mbali. Hiyo huitwa "eye rhyme".

Mizani ni mtego mkubwa zaidi. Sisi huhesabu silabi: nane kwa nane katika mshororo, kazi imekwisha. "Metre" ya Kiingereza huhesabu mpangilio wa silabi zenye mkazo na zisizo nao. Chukua mstari huu:

The rain has washed the dust from off the road.

Silabi ni 10, lakini ukiandika "10" tu hujajibu. Usome ukigonga meza kwenye mkazo: the RAIN has WASHED the DUST from OFF the ROAD. Mapigo matano, kila moja likitanguliwa na silabi dhaifu. Huo ndio "iambic pentameter". Ukishindwa kusikia mapigo, soma mstari kama unavyoongea kawaida, usiuimbe, halafu angalia mkazo wa kila neno refu kwenye kamusi.

"Alliteration", yaani kurudia sauti ileile ya konsonanti mwanzoni mwa maneno, pia ni ya sauti, si ya herufi. "City" na "cat" hazina, "knife" na "night" zinayo.

Mwisho, jozi mbili zinazokula alama kimyakimya. "Tone" ni msimamo wa msemaji kuhusu jambo, "mood" ni hali inayomjaa msomaji. Na "love" ni mada tu. "Theme" lazima iwe sentensi inayosema kitu kuhusu mapenzi: "Love can survive distance but not silence."

Kadi ya istilahi ina sehemu nne: jina na mkazo, fasili kwa maneno yako, mfano uliojitungia, na mfano mmoja wa uongo wenye sababu kwa nini si huo. Sehemu ya nne ndiyo inayofundisha. Usiiache wazi.

Hatua ya 7: Kueleza athari

Kutaja tamathali ni mwanzo tu. Tumia jaribio la kubadilisha neno. Sentensi ni "The wind begged at the door all night." Badilisha "begged" uweke "blew", kisha "hammered". Kwa "blew" upepo unabaki upepo. Kwa "hammered" unakuwa adui. "Begged" inaufanya mnyonge aliyefungiwa nje, na inawatia hatiani walio ndani. Ulichokipoteza ulipobadilisha ndicho athari. Andika:

The personification in "begged" makes the wind seem helpless, which implies that the people inside are refusing someone in need.

Vitenzi sita vinatosha kwa mwaka mzima: "suggests", "implies", "conveys", "emphasises", "evokes", "foreshadows". Visibadilishwe ovyo kwa ajili ya mapambo. "Foreshadows" hudai tukio litakalokuja baadaye, na ni lazima ulitaje. Futa "it makes the poem interesting" kila unapoikuta, kwa kuwa ingeandikika juu ya shairi lolote duniani.

Kwa "tone", "sad" na "angry" ni butu mno. Jenga ngazi: "annoyed", "angry", "furious". Ongeza "bitter", "nostalgic", "detached". Halafu linganisha "slim", "thin" na "skinny": mwili ni uleule, hukumu ya anayeuelezea ni tofauti.

Hatua ya 8: Jipime

Mwisho wa wiki andika aya ya maneno 120 kuhusu ulichosoma, ukitumia maneno sita ya wiki hiyo na istilahi moja, bila kufungua kadi. Neno lililoingia kwa kulazimishwa utalisikia ukisoma aya kwa sauti.

Kadi iliyorudi bahasha ya kwanza mara tatu usiendelee kuirudia. Ichane. Sentensi yake ni dhaifu, kwa kawaida kwa sababu maneno mengine mawili au matatu yangeweza kukaa kwenye pengo lile. Rudi kwenye matini, tafuta sentensi ambayo neno hilo tu ndilo linaloingia, uandike kadi mpya.