Kupanga bei ya mabango ya matangazo kwenye saiti mpya

Kwanza usiende kukopi bei za saiti kubwa, wao wanauza wasomaji walionao tayari, wewe wako ndo wanaanza kuja na mtangazaji hilo analijua vizuri tu. Anza na namba zako. Weka Google Analytics au kitu kama hicho, iache ihesabu angalau mwezi mzima, afu angalia kurasa zimefunguliwa mara ngapi, sio idadi ya watu tu, maana bango linatokea kila ukurasa unapofunguka. Zile mara ulizoingia mwenyewe kurekebisha mambo zitoe.

Bei inaweza kuwa kwa kila maonyesho 1000, yaani bango kutokea mara 1000, ndo hiyo wanaita CPM, au kwa kliki, au bei moja ya mwezi. Kwa saiti changa mi nasema chukua ya mwezi. Kliki itakuumiza, kwa kawaida kwenye maonyesho 100 haifiki hata kliki moja, kwa hiyo ukiwa na wasomaji wachache unaweza kumaliza mwezi umemtundikia mtu bango lake karibu bure, na hata kama tangazo lenyewe limechorwa vibaya anayekosa hela ni wewe.

Ila hiyo bei ya mwezi usiitoe kichwani, ipigie hesabu ya CPM hiyohiyo. Tuseme bango la juu liko kurasa zote, zinafunguliwa mara 20,000 kwa mwezi, na umeamua kila 1000 ni dola 2. Unapata 20 mara 2, dola 40. Ukiwapa nafasi hiyo watangazaji wawili wapokezane, kila mmoja alipe 20, sio 40, maana kila mmoja anapata nusu ya maonyesho. Tafadhali hapa kuwa mkweli.

Sasa hiyo 2 unaitoa wapi? Kama AdSense, ile huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye saiti yako na kukulipa, wamekukubali, ripoti yao inakuonyesha kila kurasa 1000 zimekuingizia kiasi gani. Usiuze chini ya hapo, panda kidogo, hasa kama wasomaji wako wote wanafuatilia jambo moja, mtangazaji wa jambo hilo hao ndo anawataka.

Bango la chini ya ukurasa liwe na bei nafuu zaidi. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba bango limeonekana kama nusu yake imekaa kwenye skrini angalau sekunde 1, na wengi hawafiki huko chini. Angalia pia wanaoingia kwa simu ni wangapi, bango la pikseli 728 kwa 90 halienei kwenye simu, muombe mteja na la 320 kwa 50.

Mteja wa kwanza mpe punguzo, sawa, lakini andika bei kamili, kata nusu, na taja tarehe punguzo linapoisha. Ukianza na bei ya chini bila maelezo, siku ukipandisha ataona umemgeuka. Kila mwisho wa mwezi mtumie skrinshoti ya namba zake hata kama hajaomba, na nafasi zote zikijaa, hapo ndo upandishe kwa wanaokuja.