Jinsi ya kufuatilia kupanda na kushuka kwa mwigizaji Harry H. Corbett

Anza na herufi H. Runinga ya Uingereza ilikuwa na akina Harry Corbett wawili kwa wakati mmoja: mmoja akimchezesha Sooty, dubu wa mkononi wa vipindi vya watoto, na mwingine ndiye Harold wa Steptoe and Son, mfululizo wa vichekesho wa BBC kuhusu baba na mwana waokota makorokoro. Huyu wa pili alijiongezea H ili wasichanganywe. Wote wawili walitunukiwa nishani ya OBE mwaka 1976, kwa hiyo hata mwaka hauwatenganishi. Ukitafuta bila H, orodha yako itajaa dubu.

Chora jedwali la safu 4: mwaka, kazi, ilikoonyeshwa (jukwaani, sinema au runinga) na uhusika. Mistari ya kwanza ni ya Theatre Workshop, kundi la maigizo la Joan Littlewood, Stratford, mashariki mwa London. Wengi huiruka, na hapo ndipo hesabu nzima inapoharibika. Mwaka 1955 Corbett alikuwa Richard II, mfalme wa tamthilia ya Shakespeare, kwenye jukwaa hilo. Usipojua alikuwa mwigizaji wa aina gani, utapimaje alichopoteza?

Kisha tazama The Offer, iliyorushwa na BBC tarehe 5 Januari 1962. Ray Galton na Alan Simpson waliiandika kama mchezo wa kujitegemea, nao ndio uliozaa Steptoe and Son. Harold, muokota makorokoro, ameshapakia mali zake mkokotenini aondoke nyumbani kwa baba yake, lakini mzee anamnyima farasi. Anashika mkokoteni mwenyewe, anavuta, hausogei hata inchi. Analia. Rudia sehemu hiyo mara 2: kwanza mwangalie usoni, halafu mikononi. Huo ni uigizaji wa tanzia ndani ya kichekesho, na ndio uliofanya Harold asimbanduke Corbett tena.

Mfululizo ulifika vipindi 57 katika misimu 8, mwaka 1962 hadi 1965, kisha 1970 hadi 1974. Usiandike kwamba alianza kushuka 1974. Soma mistari ya katikati: sinema ya Carry On Screaming! mwaka 1966, Mr. Aitch ya runinga ya ITV mwaka 1967. Vichekesho vinaongezeka, tamthilia nzito zinapungua, na jina lake bado liko juu. Mlango ulianza kujifunga akiwa kileleni.

Kosa jingine ni la picha. Misimu ya 5 na 6, yote ya 1970, ilirekodiwa kwa rangi, lakini vipindi vingi vimebaki kwa nakala za nyeusi na nyeupe kwa sababu kanda halisi zilifutwa. Ubora wa picha hausemi lolote kuhusu hali ya kazi yake.

Tarehe zitafute kwenye BBC Genome, hifadhi ya mtandaoni yenye ratiba za Radio Times, jarida la vipindi vya BBC, za 1923 hadi 2009. Kumbuka ratiba huchapwa kabla ya matangazo. Kwa siku ya uchaguzi mkuu, 15 Oktoba 1964, Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, aliiomba BBC icheleweshe Steptoe, akihofia wapigakura wangebaki nyumbani, na BBC ikakubali. Mabadiliko ya namna hiyo utayapata kwenye magazeti ya siku zile.

Habari za uadui kati yake na Wilfrid Brambell, aliyecheza baba, zipokee kwa tahadhari kubwa. Tamthilia ya The Curse of Steptoe ya 2008 ilizisambaza sana, familia ya Corbett ikalalamika, na BBC ikakiri ilikuwa na makosa. Mtu aliyefariki hawezi kujitetea. Bila ushahidi wa pili, ziache nje.

Corbett alifariki kwa mshtuko wa moyo huko Hastings tarehe 21 Machi 1982, akiwa na miaka 57. Jedwali lisiishie hapo. The Moles, kipindi chake katika mfululizo wa runinga wa Tales of the Unexpected, kilionyeshwa baadaye mwaka huohuo, nacho kina mstari wake.