Kabla hujapeleka kohozi lako kituo cha afya

Mama mdogo wangu wa Urambo alikaa na kohozi kooni tangu tumbaku ilipokuwa mabanini, yaani kwenye vibanda vya kuikaushia, hadi maembe yakaiva. Alikuwa akijikohoza kila mara, hata katikati ya salamu. Mara tatu alinunua vidonge vya antibayotiki dukani, akavimeza nusu nusu. Alipofika zahanati, daktari alimuuliza maswali manne, na hakuwa na jibu hata moja. Iliniuma, maana majibu yote alikuwa nayo nyumbani.

Hesabu siku kwanza. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, kapime kifua kikuu. Vituo vya serikali hupima bila malipo. Ukiona damu, ukikonda, ukitoka jasho usiku, ukibanwa pumzi au chakula kikikwama, usihesabu chochote, nenda leo.

Halafu chunguza kohozi linakujia saa ngapi. Si kila kohozi hutoka kifuani. Kamasi huteremka nyuma ya pua, hasa wenye mafua ya vumbi la kiangazi, na ukilala chali linazidi. Tindikali ya tumbo nayo hupanda hadi kooni, wakati mwingine bila kiungulia chochote, na koo hujikinga kwa ute. Moshi wa bani, wa kuni au wa sigara huchochea ute vilevile. Rangi ya kijani peke yake haimaanishi unahitaji antibayotiki. Na dawa unazotumia zibebe zote, kwani baadhi ya dawa za presha huleta kikohozi. Ila usiache kuzimeza kabla ya kuambiwa.

Kopo la makohozi unalopewa kwa kipimo cha kifua kikuu ndilo huwaangusha wengi. Asubuhi, kabla ya chai, sukutua kwa maji matupu. Toka nje, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kifuani, uteme kilicho kizito ndani ya kopo na ufunge kifuniko. Mama mdogo alirudishwa mara ya kwanza: alikuwa ametema mate.

Ukisubiri majibu, kunywa maji na usukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Asali yetu ya Tabora hulainisha koo, lakini mtoto chini ya mwaka 1 asipewe kabisa.

Mama mdogo hakukutwa na kifua kikuu. Safari hiyo alieleza kwamba hurudi shambani usiku, hula ugali saa nne na kulala papo hapo. Daktari akaanzia kwenye tindikali.